Gari likianza vituko vya umeme, ada ya mtoto isiwe ya kwanza kuguswa

Vitunguu vikishauzwa Mang'ola, nyumba nyingi hupata nafasi ya kupumua. Deni la mbolea na dawa hulipwa, vibarua hupewa chao, ada hutengwa, na kwa familia zilizojaliwa, kinachobaki huingia kwenye gari. Gari hilo halina kazi moja. Asubuhi linapeleka watoto shule, mchana linabeba mbegu na dawa kwenda shamba, na siku mama akishikwa na uchungu usiku, ndilo linalompandisha Karatu.

Ndiyo maana gari likianza vituko, nyumba nzima hukosa usingizi. Saa nane usiku honi inalia yenyewe. Waipa zinafuta kioo kikavu. Milango inajifunga bila mtu kuigusa, na asubuhi betri imekufa. Majirani hawakosi maelezo: mmoja atasema gari lina mkosi, mwingine atasema ni kijicho. Fundi naye husikiliza dakika tano kisha anatoa hukumu: "Hii ni kontroboksi, mzee. Tafuta hela tubadilishe."

Hapo ndipo mvutano wa nyumbani unapoanzia. Baba anaitazama ile fedha ya ada. Mama anauliza, "Baba watoto, fundi ana uhakika gani?" Wanaume wengi huona swali hilo kama ubishi. Kumbe ndilo swali la maana kuliko yote, na likiulizwa mapema linaweza kuokoa muhula mzima wa mtoto.

Mgawa maji wa gari

Katika magari ya zamani, kama Land Rover zilizozoeleka vijijini, swichi iliwasha taa moja kwa moja kupitia waya, fyuzi na rilei. Magari yalipoongezewa vioo vya umeme, loki za pamoja na alamu, waya zikawa nyingi mno. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mfumo unaowezesha vifaa vya gari kupeana taarifa kupitia waya mbili tu. Leo magari mengi yana kontroboksi zaidi ya moja: ya injini, ya breki, ya mifuko ya hewa, na ya bodi.

Hii ya bodi ndiyo inayosimamia taa, honi, waipa, vioo, loki za milango na alamu. Mkulima anayemwagilia kwa maji ya chemchemi za bonde la Eyasi ataielewa haraka. Ni kama mgawa maji wa mfereji: anapokea maombi, anafungua huku, anafunga kule. Dereva akibonyeza swichi ya kioo, anaomba maji. Kontroboksi ndiyo inayofungua.

Sasa, shamba likikauka, je, kosa lazima liwe la mgawa maji? Huenda chemchemi yenyewe imepungua. Huenda mfereji umebomoka njiani. Kabla ya kumfukuza mgawa maji, watu wazima hutembea kwanza kando ya mfereji. Gari nalo linataka hivyohivyo.

Vya kupima kabla ya kununua

Cha kwanza ni betri. Betri nzima iliyopumzika husoma takriban volti 12.6. Injini ikiwaka, usomaji wa kawaida ni kati ya volti 13.5 na 14.5. Umeme ukiwa mdogo, kontroboksi nzima kabisa inaweza kufanya mambo ya ajabu, na kumbe kinachotakiwa ni betri mpya au matengenezo ya jenereta.

Cha pili ni fyuzi, rilei na waya za ethi, yaani zile zinazofungwa kwenye bodi ya gari. Barabara ya vumbi na makorongo hulegeza boliti, na kutu ikiingia kwenye ethi umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi. Hapo ndipo dereva anapowasha indiketa na taa nyingine zikaanza kukonyeza.

Cha tatu ni waya zinazopita kwenye bawaba za milango. Hukunjwa na kukunjuliwa kila mlango unapofunguliwa, na baada ya miaka hukatika ndani ya mpira wake bila kuonekana. Kama kinachosumbua ni mlango mmoja tu, hapo ndipo pa kuanzia.

Cha nne ni panya. Gari linalolala karibu na ghala la mahindi ni nyumba nzuri kwao, na waya ni chakula cha meno yao. Fundi afungue na kuangalia.

Cha tano ni vitu vilivyoongezwa: alamu, redio kubwa, taa za ziada. Aliyezifunga akikata waya na kuzungushia utepe tu, ameacha mlango wa matatizo wazi.

Betri ikifa kila baada ya siku chache, fundi apime umeme unaovuja gari likiwa limefungwa na kuachwa litulie, kwa kawaida nusu saa hivi. Kwa magari mengi kiasi kisichozidi milliampia 50 hakina shida. Uvujaji ukifika nusu ampia, betri ya ampia-saa 45 iliyojaa itakauka yote ndani ya saa 90, yaani chini ya siku nne, na gari litakataa kuwaka hata kabla ya hapo. Kisha atoe fyuzi moja baada ya nyingine mpaka ajue njia inayovuja.

Mwisho gari lipimwe kwa mashine. Kodi zinazoanza na herufi B huhusu bodi, na zinazoanza na U huhusu mawasiliano kati ya kontroboksi. Lakini kodi huonyesha mtaa, haitaji nyumba. Fundi anayesoma kodi na kuagiza spea papo hapo bado hajapima.

Ikithibitika ni yenyewe

Kuna wakati kosa ni la kontroboksi kweli. Maji yaliyoingia kupitia kioo cha mbele huweza kuiozesha, na kubustiwa kwa kugeuza nyaya huweza kuiunguza. Ikiwa umeme unaingia vizuri, ethi ni safi, amri ya swichi inafika lakini haitoki upande wa pili, basi mgawa maji ameshindwa kazi.

Hapo familia inapaswa kujua mambo manne. Namba iliyoandikwa kwenye kontroboksi ya zamani ilingane na ya mpya; kufanana kwa sura hakutoshi. Spea ya mtumba kutoka gari lililogongwa hubeba kumbukumbu za gari hilo, hivyo kwenye aina nyingi za magari lazima iandikwe upya kwa mashine. Funguo zote zipelekwe siku hiyo, kwa sababu baadhi ya magari hukataa kuwaka mpaka funguo zitambuliwe na kontroboksi mpya. Na kabla ya kazi, waya hasi wa betri utolewe kwanza. Toyota huelekeza kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa sehemu zenye mifuko ya hewa.

Makubaliano yawe wazi kabla fedha haijatoka: nani ataandika programu, kontroboksi isipokubali itarudishwa dukani au la, na ile ya zamani ibaki kwa mwenye gari. Fundi wa kweli hakasiriki kuulizwa. Anayekasirika amejibu tayari.

Watoto kwanza

Wakati uchunguzi ukiendelea, kuna jambo lisilosubiri fedha. Gari linalojifunga lenyewe si la kumwachia mtoto ndani hata dakika moja. Juani joto ndani ya gari lililofungwa linaweza kupanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Mang'ola iko chini bondeni. Jua lake halihitaji kuelezwa.

Ufunguo ukae mfukoni kila dereva anaposhuka, hata kama ni kufungua geti tu. Ufunguo wa akiba ukae nyumbani mahali mama na baba wote wanapajua. Wenye ufunguo wa kubonyeza wajue kwamba mara nyingi ndani yake kuna kifunguo kidogo cha chuma. Watoto wakubwa wafundishwe kuvuta kitasa cha ndani na kupiga honi, na loki ya watoto kwenye milango ya nyuma iachwe wazi mpaka gari litengemae, mtoto mdogo akikaa na mtu mzima pembeni.

Na mtoto akifungiwa, mlango ukagoma na hali yake ikabadilika, kioo cha pembeni kilicho mbali naye kivunjwe. Kioo hununuliwa.

Gari ni la familia, basi na hesabu yake iwe ya familia. Baba na mama wakae pamoja, waulize kilichopimwa na kilichopatikana, waandike, ndipo waamue. Mara nyingine jibu litakuwa waya mmoja uliokatika mlangoni. Mara nyingine litakuwa kontroboksi kweli, na italazimu kusubiri mavuno yajayo huku watoto wakitembea au wakipanda bodaboda. Hilo linavumilika. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, kwa ajili ya spea ambayo haikuwa na kosa, ni vigumu kumweleza.