Mafundi Wetu Nao Waandikwe Daftarini

Mtaa wetu wa Asiatique ulipata jina lake zamani za Wabelgiji, mji huu ulipokuwa ukiitwa Usumbura, kwa kuwa ndipo walipowekwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Kila mwenye duka anaijua kanuni moja ya biashara: mali bila daftari hupotea bila habari. Asiyejua ana magunia mangapi ghalani hawezi kujua aagize mangapi. Kanuni hii yaipasa Serikali pia, katika jambo la kuwafundisha vijana kazi. Maana iko mali kubwa ya nchi ambayo haijaandikwa daftarini, nayo ni ufundi wa watu wetu.

Hatusemi kwamba Serikali haipangi. Burundi ina Mpango wa Taifa wa Maendeleo wa miaka 2018 hadi 2027. Tena ina dira ya kuwa nchi inayoinukia ifikapo mwaka 2040, na nchi iliyoendelea ifikapo 2060. Mwaka 2020 ilifunguliwa benki ya uwekezaji ya vijana. Haya yote ni mema. Lakini anayepanga kazi za watu hana budi kuuliza maswali mawili. La kwanza, ni kazi gani zitahitaji watu? La pili, ni watu gani tulio nao tayari, na wanajua nini? Swali la pili twalijibu nusu tu, kwa kuwa twawahesabu waliopitia shule na kupata diploma, na wengine twawaacha.

Hao wengine ni nani? Toka Asiatique uingie Buyenzi, nawe utawaona. Huyu anafungua injini, yule anachomelea geti, mwingine anashona, mwingine anapiga randa. Wengi wao hawakujifunza katika shule ya ufundi. Mzazi au mjomba alimpeleka mtoto kwa fundi. Mtoto akaanza kwa kufagia na kuosha vyuma kwa mafuta, kisha akashika spana, na mwisho akaachiwa kazi peke yake. Baada ya miaka kadhaa anaweza kujilisha. Lakini hana karatasi hata moja, na katika hesabu za ofisini yeye ni mtu asiye na elimu. Je, hesabu ya namna hiyo ni ya kweli?

Yafaa tuwatazame jirani zetu, ambao walianza kazi hii mapema. Tanganyika, baada ya uhuru, ilifanya hesabu ya wataalamu. Mpango wake wa miaka mitano ulioanza 1964 uliweka shabaha kwamba ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa watu wenye ujuzi. Ilikuwa shabaha ya heshima. Lakini hesabu ile ilitazama zaidi kazi za juu: madaktari, wahandisi, walimu wa sekondari. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alionya juu ya shule zinazowatayarisha wachache kwa sekondari na kuwaacha walio wengi wakijiona wameshindwa.

Baadaye Tanzania ilitunga sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi. Mambo mawili katika habari zake yanatufaa. Kwanza, waajiri hutoa tozo kwa ajili ya mafunzo, hivyo mzigo hauikalii Serikali peke yake, wala mzazi peke yake. Pili, uko utaratibu unaoitwa kurasimisha ujuzi. Fundi aliyejifunzia kazini hupimwa kwa kazi yenyewe. Akionekana ana upungufu, hufundishwa kile alichopungukiwa, kisha hupewa cheti. Haambiwi arudi kuanza moja kama mtoto.

Jambo hili lina haraka kwetu sasa. Mwezi wa Agosti 2025 ujenzi wa reli ya kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, katika nchi yetu, ulizinduliwa rasmi huko Musongati. Reli huhitaji wachomeleaji, mafundi umeme, waashi wa zege na waendesha mitambo. Mkandarasi akiuliza mafundi wako wapi, atajibiwa nini? Kama hakuna daftari, atasema hawapo, na kuwaleta wa kwake. Nao vijana wa hapa watapewa sepeto. Vilevile, itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazungumza juu ya nchi kutambuliana vyeti. Lakini fundi asiye na cheti atatambuliwa kwa kitu gani akivuka kwenda Kigoma?

Najua wako watakaosema kwamba karatasi haimfanyi mtu kuwa fundi. Ni kweli. Lakini sisemi karatasi itolewe bure. Nasema watu wapimwe. Kupima kutaonyesha sifa, na kutaonyesha kasoro pia. Yuko fundi anayeijua injini kwa kuisikiliza tu, lakini hawezi kusoma mchoro wa umeme wa gari la siku hizi. Yuko mchomeleaji hodari anayeharibu macho yake kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kuyakinga. Serikali ikizijua kasoro hizo, itajua masomo ya jioni yawe ya nini, badala ya kujenga madarasa kwa kubahatisha.

Wengine watasema mafundi wenyewe watakimbia, kwa kudhani wanaandikwa ili watozwe kodi. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza, na haifai kuidharau. Mtu anayepata chakula cha siku kwa siku ana haki ya kuogopa. Kwa hiyo daftari la ujuzi litengwe kabisa na daftari la kodi. Liwekwe na kamati yenye mafundi ndani yake, na ada ya kupimwa iwe ndogo. Fundi akiona mwenzake amepata kazi kwa kuandikwa, atakuja mwenyewe bila kuitwa.

Basi ombi letu kwa Serikali ni hili: kabla ya kupanga mafunzo ya miaka ijayo, ianze mtaa mmoja, kwa mfano Buyenzi na huku kwetu, ihesabu karakana, iwapime mafundi wanaokubali, na iwaandike wanafunzi wao.

Na sisi tuna wajibu wetu. Ndugu zetu mliomaliza shule hii, wengi wenu mna maduka, magereji na maghala. Mkimfundisha kijana kazi, mwandikieni ushuhuda: aliingia lini, alijifunza nini, anaweza kufanya nini bila kusimamiwa. Ukurasa mmoja wenye sahihi yenu si cheti cha Serikali, lakini siku ya kupimwa utakuwa mwanzo mzuri.

Nanyi wanafunzi wenzangu, acheni maneno ya kwamba aliyekwenda kwa fundi ameshindwa masomo. Baadhi yetu tutakwenda huko huko baada ya mtihani. Mwenye kujua hesabu na kusoma michoro atamfaa fundi wake, naye fundi atamfaa kwa kile kisichoandikwa ubaoni.