"Angalia kwenye intaneti" si jibu kwa mtoto aliyekimbia vita

GOMA – Mtoto aliyetoka Masisi akikimbia vita anaingia shule mpya katikati ya mwaka, bila daftari, bila karatasi ya pointi ya shule alikotoka. Anauliza wamefika wapi katika hesabu. Siku hizi jibu ni fupi: "Angalia kwenye intaneti." Wanaolitoa ni watu wazima, wengine wenye vyeo. Ni matusi.

Intaneti hiyo ni ya nani? Mama yake anauza makala ao anabeba mizigo ili watoto wale mara moja kwa siku. Mega alizonunua kwa shida zinaisha kabla ya video moja ya somo kufika katikati. Simu ni moja kwa familia nzima, na kuichaji kunalipwa. Kambi za pembeni ya Goma zilipobomolewa mwezi wa pili 2025, watoto wengi walihama mara ya pili ao ya tatu. Huyo ndiye anayeambiwa atafute mwenyewe.

Kuna pia wale wanaosema intaneti iachwe kwanza, tungoje amani. Hao nao wanakosea. Vitu vizuri vya shule viko huko, ni vya bure, na vingi ukishavipakua (watu wa Goma wanasema kutelesharje) mara moja, havikuombi mega tena.

Tuchukue Kiwix. Ni programu ya bure inayohifadhi Wikipedia ndani ya simu na kuisoma bila mtandao wowote. Wikipedia yote ya Kiswahili inaingia kwenye kadi ndogo ya giga 32 na nafasi inabaki. Inabaki hata kwa Vikidia, kamusi ya elimu ya Kifaransa iliyoandikwa kwa watoto wa umri wa miaka 8 mpaka 13, lugha nyepesi, sentensi fupi. Simu ya mwalimu inaweza kugawa hayo yote kwa simu nyingine zilizo karibu, tena bila mega hata moja. Kwa sekondari kuna PhET, kazi ya chuo kikuu cha Colorado, Marekani: mwanafunzi anaunganisha waya za umeme kwenye kioo cha simu na kuona taa ikiwaka, katika shule ambayo haijawahi kuwa na maabara. Na kuna Kolibri, ambayo inafanya kompyuta moja ya bei ndogo iwe maktaba ya darasa zima.

Kwa wadogo kuna African Storybook, hadithi fupi zenye picha, nyingi kwa Kiswahili, na ruhusa ya kuzichapisha kwenye karatasi imetolewa. Sheria ya elimu ya mwezi wa pili 2014 inataka watoto waanze kufundishwa kwa lugha zetu za taifa. Vitabu vya Kiswahili viko wapi darasani? Miaka imepita, sheria iko kwenye karatasi tu.

Sasa tuseme lile ambalo linaumiza. Tablete zinafika. Wageni wanakuja, hotuba inatolewa, picha zinapigwa, watoto wanapiga makofi. Kisha vyombo vinaingia kwenye kabati la mkurugenzi ao la prefe na ufunguo unabaki mfukoni mwake. Ukiuliza, unaambiwa zitaibiwa. Hofu hiyo si ya bure, hapa watu wamepora hata mabenchi ya shule. Lakini basi kwa nini kutia mali yote katika kabati moja? Kadi ikinakiliwa kwenye simu za waalimu kumi, hakuna mwenye bunduki atakayeibeba maktaba yote kwa siku moja. Na shule ikikimbia, maktaba inakimbia nayo.

Waalimu wasidanganywe pia. Wikipedia ya Kiswahili ina makala mengi mafupi mno, Kiswahili chake ni kile cha Tanzania na Kenya, na programu ya masomo ya Kongo haifuati video za Marekani. Lazima mwalimu achague, alinganishe, atafsiri. Hiyo ni kazi, na haifai afanye kwa mega za mshahara wake, mshahara wenyewe tunaujua.

Mwaka 2020, Korona ilipofunga shule, masomo yalipita kwenye redio na hakuna mzazi aliyeombwa pesa ya mega ili mtoto asikilize. Makampuni ya simu yanaweza kufungua tovuti za shule bila malipo. Yakitaka kutangaza bidhaa zao yanajua kutoa mega za bure. Serikali iwaombe hilo, na yeyote anayetawala mji asizuie.

Mashirika yana wifi inayokesha usiku wakati ofisi ni tupu. Wafungulie waalimu. Kila shule yenye kupokea watoto wa wakimbizi wa ndani imtume mwalimu mmoja na kadi yake, arudi nayo ikiwa imejaa, anakilie wenzake. Walio na mtihani wa taifa mwaka huu hawana muda wa kungojea mkutano mwingine, na makabati yafunguliwe wiki hii.