GARI LA ZIMAMOTO HUTOA HESABU KWA NANI?

Nyumba ikishika moto usiku katika mtaa wowote wa Makindye, majirani hawakosi kujua la kufanya kwanza. Watapiga kelele, watawatoa watoto, watachota maji kwa ndoo na madumu, na mmoja wao atapiga simu 999 au 112. Kazi hiyo watu wetu wanaijua, na aghalabu huifanya kwa ushujaa usioandikwa popote. Taabu huanza asubuhi yake, majivu yangali yakifuka moshi, mwenye nyumba anapotaka kuuliza maswali matatu mepesi: simu yetu ilipokewa saa ngapi, gari lilifika saa ngapi, na maji yaliishia njiani kwa sababu gani? Maswali hayo yana majibu. Lakini amwulize nani?

Huenda mama mmoja akasema kwamba habari za uongozi wa zimamoto ni za waheshimiwa, wala si za ukurasa wa nyumbani. Sivyo hata kidogo. Moto mwingi wa mjini huanzia palepale tunapopikia na tunapolala: sigiri iliyoachwa karibu na pazia, mshumaa uliosahauliwa umeme ulipokatika, waya uliounganishwa kwa siri na fundi wa vichochoroni. Katika zile nyumba za vyumba vya kupanga, ambazo watu wa Kampala huziita mizigo, chumba kimoja ni jiko, stoo na malazi ya watoto wanne, na ukuta mmoja hugawanywa na jamaa mbili. Apatwaye na hasara ya kwanza ni mwenye nyumba na mpangaji wake, na kwa hiyo wao ndio wenye haki ya kwanza ya kuuliza.

Yafaa tuanze na sheria, maana wengi huilaumu ofisi isiyohusika. Nchini Uganda zimamoto ni sehemu ya Polisi. Inayo kurugenzi yake ya zimamoto na uokoaji, na mkuu wa kurugenzi hiyo hutoa taarifa kwa Inspekta Jenerali, na Polisi nzima iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Fedha zake hupitishwa na Bunge pamoja na fedha nyingine za Polisi, na wenye kuzihoji ni wabunge wa kamati ya ulinzi na mambo ya ndani. Kwa upande wa pili, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 iliitaja zimamoto miongoni mwa huduma ambazo halmashauri za miji zaweza kuzianzisha na kuzisimamia. Kisha ikaja Sheria ya Jiji Kuu la Kampala ya mwaka 2010, ambayo iliuweka mji huu chini ya Mamlaka yake yenyewe, KCCA, na Makindye ikawa moja ya tarafa zake tano, pamoja na Kati, Kawempe, Nakawa na Rubaga.

Matokeo yake ni haya. Diwani wa Makindye, aliyechaguliwa na watu wa Makindye, hana amri juu ya gari lijalo kuwaokoa watu hao. Vibali vya kujenga na barabara za mitaa vimo mikononi mwa KCCA. Mabomba ya maji ni ya Shirika la Taifa la Maji, NWSC. Magari, mipira na askari ni vya Polisi. Kila mmoja ameshika kipande chake kwa mujibu wa sheria, wala hakuna aliyekosea kwa kukishika. Ila moto haugawanyiki vipande. Huja mzima mzima, na huwataka wote hao kwa wakati mmoja, tena usiku wa manane.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Kwa miongo mingi maji ya Kampala yamekuwa yakisafishwa Ggaba, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, na Ggaba imo ndani ya Makindye. Toka huko husukumwa hadi kwenye matangi yaliyo juu ya kilima cha Muyenga, nacho kimo Makindye. Na Polisi je? Kambi kubwa ya nyumba za askari iko Nsambya, na chuo chao kiko Kibuli. Zote mbili ni Makindye. Basi tarafa hii imelala katikati ya maji ya mji mzima na askari wa nchi nzima, na bado mkazi wake hawezi kukuonyesha bomba la kuzimia moto lililo karibu na mlango wake.

Bomba hilo ndilo moyo wa mambo yote, ingawa ni mara chache litajwe magazetini. Tumezoea kusikia, kila palipoungua, lalamiko lile lile: gari la zimamoto lilikuja bila maji. Yawezekana mara nyingine ni kweli. Lakini hebu tupige hesabu. Tuseme gari lina tangi la lita 5,000. Mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, tangi litakauka kwa dakika 10. Mipira miwili ikifunguliwa pamoja, dakika 5 tu. Moto wa nyumba ya mbao na mabati, uliokwisha kushika dari na magodoro, hauzimwi kwa dakika 5. Basi gari laweza kuja limejaa pomoni, likamwaga yote, likaondoka kwenda kutafuta maji, na waliochelewa kufika wakalikuta likiondoka. Kwao lilikuja tupu. Na dakika litakazokaa huko ndizo moto utakazotumia kuvuka kwenda nyumba ya pili na ya tatu.

Dawa yake ni yale mabomba yenye mdomo mpana yawekwayo kando ya barabara, ambayo askari huyafungua kwa ufunguo maalumu na kuunganisha mpira moja kwa moja. Maofisa wa zimamoto wa Kampala wamelalamika kwa miaka mingi kwamba mabomba hayo ni haba, na kwamba mengine yamefukiwa na lami, au yamezungushiwa ukuta wa mtu. Fikiri Namuwongo, kando ya reli iendayo Port Bell, ambako njia ni nyembamba hata mwenye boda boda hupunguza mwendo. Gari kubwa haliingii mle. Litasimama barabarani, na mipira itakokotwa kwa mikono kati ya nyumba. Mahali kama hapo bomba zima lililo karibu lina thamani kuliko gari jipya linalong'aa. Na mafundi wa Katwe wanaochomelea vyuma kutwa, au maseremala wa Nsambya wenye marundo ya mbao na mapipa ya vanishi, wao waulize nini zaidi ya hilo?

Sasa wako wasemao kwamba dawa ni kuiondoa zimamoto mikononi mwa Polisi na kuirudisha kwa mji. Wengine husema la, ikae palepale, maana Polisi ina nidhamu na ina vituo kila wilaya. Hoja zote mbili zina uzito, lakini tukitazama majirani zetu tutaona kuwa jibu haliko hapo. Kenya iliikabidhi kazi ya kuzima moto kwa serikali za kaunti, kwa Katiba ya mwaka 2010. Tanzania ilikwenda njia ya pili: kwa sheria ya mwaka 2007 iliitoa zimamoto katika halmashauri za miji na kuunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la nchi nzima, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Nchi tatu, mifumo mitatu. Na sasa tutazame masoko. Hapa Kampala soko la Mtakatifu Balikuddembe, yaani Owino, liliungua Februari 2009, na Februari 2017 yakateketea maduka ya Park Yard yaliyokuwa jirani yake. Dar es Salaam soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021. Nairobi soko la Gikomba limeungua mara nyingi mno, na katika moto wa Juni 2018 watu 15 walipoteza maisha. Mfanyabiashara wa mitumba aliyepoteza marobota yake hakuona tofauti kati ya polisi, jeshi la taifa na kaunti.

Kwa maoni yetu, kubadili kibao kilichoandikwa mlangoni si kazi kubwa. Kazi iko katika kumpa mkazi mahali pa kuuliza, na kumlazimisha mwenye kuulizwa ajibu kwa maandishi na kwa wakati.

Tunayo mifano ya yatokeayo maelezo yanapokawia. Machi 2010 makaburi ya Wafalme wa Buganda huko Kasubi, yaliyokuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, yaliungua usiku mmoja. Siku ya pili, kati ya waombolezaji na askari wa usalama, ilizuka vurugu na watu wakauawa kwa risasi. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, lakini kabla tume haijakaa kitini uvumi ulikuwa umekwisha kutoa hukumu yake: fulani ndiye aliyewasha, fulani ndiye aliyelichelewesha gari. Laiti desturi ingekuwepo ya kutangaza saa ya simu na saa ya kufika baada ya kila moto, mkubwa kwa mdogo, watu wangekuwa na jambo la kushika. Askari wa zimamoto mwenyewe angelindwa nayo, maana naye hutupiwa mawe kwa makosa ambayo pengine si yake.

Hata nchi tajiri hazikuepushwa na fedheha ya namna hii. Katika jengo la Grenfell Tower, London, watu 72 walikufa Juni 2017. Wakazi walikuwa wameandika maonyo kabla ya moto, na hayakusikilizwa. Lakini uchunguzi uliofuata uliendeshwa mbele ya watu, na ripoti yake ya kwanza, ya mwaka 2019, haikuogopa kuutaja uongozi wa kikosi cha zimamoto cha mji huo pamoja na mapungufu yake. Aidha huko Uingereza wapo wakaguzi wa kudumu wanaokitembelea kila kikosi na kuandika hadharani walichokiona. Sifa ya askari waliopanda ngazi za moshi usiku ule haikupungua kwa kuandikwa hivyo.

Kwetu ukaguzi hutazamwa kama jambo la moto uliokwisha kuwaka. Shule zetu zimelipa gharama ya mawazo hayo. Aprili 2008 wasichana wadogo wapatao 20 waliteketea bwenini katika shule ya Budo Junior. Maagizo mengi yalitolewa baada ya hapo. Oktoba 2022, katika shule ya vipofu ya Salama huko Mukono, watu 11 wakafa kwa moto wa bweni tena. Kati ya miaka hiyo miwili wazazi wangapi waliwahi kuonyeshwa karatasi ya ukaguzi wa bweni analolala mtoto wao? Mzazi huonyeshwa ada, sare na orodha ya vitabu. Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013 inataka jengo lipate kibali kabla halijakaliwa na watu. Basi si utovu wa adabu mama akimwomba mwalimu mkuu amwonyeshe kibali hicho, na kumwuliza mlango wa bweni hufunguka kuelekea wapi, na ufunguo hulala kwa nani.

Neno moja juu ya lugha, kama wasomaji wataturuhusu. Kiswahili nchini Uganda kimekaa sana kambini. Kwa muda mrefu kilikuwa lugha ya askari na ya amri, na kwa watu wengi wa Kampala kiliwajia kikiwa na kirungu mkononi. Labda ndiyo sababu mtu hukawia kumwuliza ofisa jambo kwa Kiswahili: amezoea kuulizwa yeye. Yafaa sasa lugha hii ijifunze pia kuuliza, kwa heshima, “Afande, gari letu lilitoka saa ngapi?”

Basi mkazi wa Makindye aanzie wapi? Mwaka 2018, baada ya miaka 17 bila uchaguzi wa vijiji, watu walipanga mistari nyuma ya wagombea wao na kuchagua wenyeviti wa mabaraza ya vijiji. Baraza hilo halina gari wala bomba, lakini lina daftari na muhuri. Linaweza kuandika mabomba yaliyomo mtaani, lipi zima na lipi limefukiwa, na kupeleka nakala tatu: moja kwa Shirika la Maji, moja kwa tarafa, moja kwa kituo cha zimamoto. Ofisi tatu zikipata barua moja ya siku moja, ni vigumu kila moja kusema kuwa haikujua. Nalo baraza la tarafa, ijapokuwa haliwezi kumwamuru ofisa wa zimamoto, haliwezi kuzuiwa kumwalika mara nne kwa mwaka, pamoja na mhandisi wa maji, ili waeleze mbele ya madiwani na wananchi: moto mangapi, dakika ngapi, mabomba mangapi yalifunguliwa kujaribiwa. Ofisa asiyekuja, kiti chake na kiachwe wazi na jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Wenye nyumba za kupanga nao wasijifiche nyuma ya Serikali. Ukuta uliojengwa juu ya bomba haukujengwa na waziri.

Wasomaji wa Katwe, Kibuye, Kabalagala, Namuwongo, Lukuli, Salaama na Ggaba wanaombwa watuandikie. Tazameni kando ya barabara yenu kabla ya Jumapili, mkiwa na mtoto mmoja mwenye macho makali, mtafute bomba la kuzimia moto. Mkiliona, tuandikieni liko mbele ya duka au kanisa au msikiti gani, na kama kifuniko chake kinainuka. Mkikosa, tuandikieni vilevile mlitembea hatua ngapi. Tutazichapa barua hizo katika safu hii, mtaa kwa mtaa.