Ua wa wazee uingie kwenye mchoro

MTAA NA WATU
Na Mwanaidi Kombo

Kila ifikapo tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, makazi ya wazee hupata wageni. Magari huingia na mchele, sukari, sabuni na mashuka. Ni vitu vya lazima, na wanaovileta Mungu awalipe. Ila ni nadra kusikia mtu kapeleka mabenchi, au saruji ya kusawazisha njia ya kutoka bwenini kwenda bwalo la chakula.

Serikali inayo makazi ya wazee huko Nunge Kigamboni, Kolandoto Shinyanga na Fungafunga Morogoro. Zanzibar kuna Sebuleni, Welezo na Limbani ya Pemba. Wengi wanaoishi humo hawana ndugu wa kuwatunza, na mchana wao ni mrefu. Mzee akishakunywa chai ya asubuhi, mpaka chakula cha mchana atakuwa kitandani au uani. Ua ukimshinda, atarudi kulala. Miguu itaisha nguvu, usingizi wa usiku utapotea, na siku atakayolazimika kusimama ataanguka. Ndiyo maana nasema ua ni sehemu ya matibabu, na uandikwe hivyo kwenye bajeti.

Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha katika jarida la Science habari za wagonjwa 46 waliotolewa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolazwa penye dirisha linalotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Hao waliiona miti kwa dirishani tu. Sembuse anayeweza kukaa chini yake!

Tuanze na benchi, maana hapo ndipo mafundi wetu hukosea zaidi. Mzee hainuki kwa magoti, huinuka kwa mikono. Benchi lisilo na pa kushika pande zote mbili litamnasa, naye akishanaswa mara moja hatalikalia tena. Kimo cha sentimita 45 hivi kinafaa, na egemeo liwepo. Baraza za pwani nazipenda kwa moyo wote, lakini nyingi ziko chini mno kwa mtu wa miaka 80. Zipandishwe na zichomekewe vishikio. Vishikio hivyo viwe vya mbao. Nunge imewahi kupokea watu walioathirika na ukoma, na kiganja kilichopoteza hisia hakitajua kwamba chuma kilichoshinda juani kinakiunguza.

Njia nayo ina mambo yake. Kwenye changarawe magurudumu ya kiti huzama. Saruji nyeupe saa saba mchana humpofusha mwenye mtoto wa jicho. Penye mwinuko, kila mita moja ya kupanda inahitaji urefu wa mita 12, pamoja na vishikio. Mzambarau ni mti mzuri, ila matunda yake yakidondoka njiani ni utelezi mtupu. Upandwe mbali, na karibu na njia uwekwe mwarobaini. Kwa wasioona tena, mrehani na asmini ziwe pale mkono unapofika. Na kwa aliyelima maisha yake yote, tuta la mchicha lijengewe ukuta wa kimo cha meza, apalilie akiwa amekaa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Wachoraji hupenda kuweka bustani nyuma ya majengo, mahali patulivu. Utulivu huo nani kauomba? Wazee hawa wamechoshwa na kimya. Wanataka kuona bodaboda, watoto wakitoka shule, muuza samaki akigombana na mteja. Viti viwekwe karibu na lango, chini ya kivuli, na uzio wa upande huo uwe wa kuonea nje. Mtoto akipita na kusema "Shikamoo babu", mzee akaitikia "Marahaba, hujambo?", hapo amehesabiwa tena kuwa mtu wa mtaa. Na kwa waliopungukiwa na kumbukumbu, njia izunguke na kuwarudisha walikoanzia, watembee watakavyo bila kufokewa. Hogeweyk, kijiji cha Uholanzi kilichofunguliwa mwaka 2009 kwa ajili ya watu wa namna hiyo, kimewaachia viwanja na vichochoro watembee humo wenyewe.

Makazi yakikarabatiwa, ua usingojee chenji itakayobaki baada ya vigae vya ofisi. Na mchoraji, kabla ya kushika kalamu, ashinde hapo siku nzima na wazee, aone wanavyohamisha viti vyao kufuata kivuli tangu asubuhi hadi alasiri, awaulize kwa nini pale na si pengine, na aandike majibu yao kwenye mchoro wake.