Pima presha kwanza, injini baadaye

Hapa mtaani kwetu Makanyagio, taa nyekundu ya oili ikiwaka kwenye gari la zamani, utasikia moja kati ya mawili. Fundi mmoja atasema pampu imekufa, tushushe injini. Mwingine atachomoa waya wa swichi, taa izime, apokee hela yake: funika kombe mwanaharamu apite. Mimi ni fundi, na wote wawili nawapinga, japo chai tunakunywa pamoja.

Taa ile haijui mengi. Kwenye Hilux, Noah na Mark II nyingi inaongozwa na kiswichi kidogo kilichofungwa kwenye bloku, mara nyingi karibu na filta ya oili. Ndani mna kiwambo chembamba na springi. Presha ikipanda, kiwambo kinasukumwa, umeme unakatika, taa inazima. Presha ikikaribia sifuri, umeme unapita tena na taa inawaka. Basi. Haipimi oili iliyomo, wala haijui kama metali za krenki zimekwisha. Kiwambo chenyewe, baada ya miaka ya joto, huchanika, ukakuta oili inachuruzika mpaka kwenye soketi. Waya nao huchubuka, ukigusa chuma taa inawaka na injini ni nzima kabisa. Land Cruiser zenye mshale hutumia kifaa kingine, nacho huzeeka vilevile.

Asitokee wa kunisoma nusu. Taa ikiwaka njiani, zima injini hapohapo, hata kama uko katikati ya Hifadhi ya Katavi (ila kabla ya kushuka, angalia simba). Metali zikikosa oili, dakika chache zinatosha injini kunoki. Pima oili kwa kijiti chake, tazama kama inavuja, kisha tafuta wa kukuvuta.

Ukifika gereji, chomoa waya wa swichi na ufungue swichi ya gari bila kuwasha injini. Waya unaning'inia na taa bado inawaka? Ugonjwa uko kwenye waya. Ikizima, bado hujapata jibu, maana huenda swichi ni mbovu au presha kweli haipo. Hapo ndipo geji inapotakiwa. Unatoa swichi, unafunga mpira wa geji kwenye tundu lilelile, unaungurumisha injini mpaka ipate moto. Hesabu ya mafundi wa zamani ni kama psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Injini yenye moto, bila kukanyaga mafuta, ikionyesha 15, unaifungulia nini? Ikionyesha 3, haya, shusha sampu, na uanze na chujio la kunyonyea oili, huenda limezibwa na tope jeusi.

Bei ya geji haifikii gharama ya kusaga krenki. Lakini zunguka gereji zetu uone ngapi zinayo.

Kuna na wauzaji wa magari. Humwaga oili ya kawaida, wakaweka nzito kama uji, taa ikatulia mbele ya mnunuzi. Kabla hujafika Sumbawanga inapepesa. Wengine wanachomoa waya kabisa, na hao ni rahisi kuwakamata: fungua swichi ya gari bila kuwasha injini. Taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, usitoe hela.

Na wewe unayeambiwa injini ishushwe, dai kuiona presha kwenye geji, kwa macho yako, injini ikiwa ya moto. Fundi akisema yeye anatambua kwa sikio, mwombe ufunguo wako.