Manahodha wengi angani huchelewesha uokoaji

KILA ndege inapotoweka, swali la kwanza la wananchi huwa ni helikopta ngapi zimetumwa. Wakubwa nao, wakitaka kuonekana wamechukua hatua, hutangaza idadi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza ni nani anayeziongoza.

Ajali ya ndege ya Kenya Airways nchini Cameroon ingali kielelezo kichungu. Boeing 737-800 hiyo iliondoka Douala muda mfupi baada ya saa sita usiku, Mei 5, 2007, ikielekea Nairobi na watu 114. Ilianguka dakika chache baadaye. Kwa sababu ya taarifa za mwanzo zilizopotosha, utafutaji ulielekezwa karibu na mji wa Lolodorf, zaidi ya kilomita 100 kutoka Douala. Mabaki yalipatikana Mei 6 katika kinamasi cha mikoko karibu na kijiji cha Mbanga Pongo, kilomita 5.4 tu kutoka mwisho wa barabara ya kurukia ndege. Wenyeji walikuwa wamesikia kishindo usiku ule. Hakuna aliyenusurika, lakini jamaa zao jijini Nairobi walikesha wakingoja habari kutoka msitu ambao ndege haikuwamo.

Si kwamba utaratibu haupo. Kiambatisho cha 12 cha Mkataba wa Chicago kuhusu usafiri wa anga kinazitaka nchi wanachama, Kenya ikiwemo, ziwe na kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji. Dakika 30 zikipita tangu wakati ambapo rubani alitarajiwa kuwasiliana, naye yu kimya, hatua ya kwanza ya tahadhari huanza. Kituo hukusanya habari za redio, rada, hali ya hewa na mashahidi, kisha huigawa ramani vipande vipande. Kila ndege hupewa kipande chake na kimo chake, na zote husikilizana katika masafa mamoja ya redio. Bila hayo, helikopta mbili zaweza kukutana ndani ya ukungu bondeni, na waokoaji wakawa wa kuokolewa.

Yapo pia mambo yanayoonekana madogo. Ndege zote zikiruka pamoja alfajiri, zote zitarudi kujaza mafuta pamoja, na anga litabaki tupu saa ambayo huenda mawingu yamefunguka. Mhudumu anayechungulia dirishani kwa saa nyingi huchoka macho. Hutazama bila kuona. Ni lazima apokezwe zamu. Tena kipande cha msitu kilichopitiwa mara moja katika ukungu hakifai kufutwa kwenye ramani kana kwamba kimekaguliwa.

Wakenya waliyaona matatizo ya hali ya hewa Juni 5, 2018, Cessna Caravan iliyokuwa ikitoka Kitale kwenda Nairobi na watu 10 ilipotoweka katika milima ya Aberdare. Mvua na ukungu vilizizuia helikopta, na waokoaji wengine wakapanda mlima kwa miguu. Mabaki yalipatikana Juni 7, wote wakiwa wamefariki. Katika mazingira kama hayo, anayetembea chini na anayeruka juu wanapaswa kuripoti kwa mtu mmoja, la sivyo kila mmoja atatafuta alikokwisha kutafuta mwenzake.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Msako mkubwa hukusanya ndege za jeshi, za idara nyingine za serikali na za watu binafsi, na kila rubani ana mkubwa wake. Kuamua nani amtii nani wakati abiria wangali msituni ni kuchelewa. Mamlaka hayo yapaswa kuandikwa mapema na kujaribiwa kwa mazoezi ya pamoja, na mazoezi hayo yawashirikishe machifu wa maeneo ya milimani. Mara nyingi wao ndio wa kwanza kupokea habari za mchungaji aliyesikia mngurumo ukikatika ghafla, na sharti wajue ni nani wa kumpigia simu usiku huohuo.