MCHEZA KWAO HUTUNZWA

Katika Visiwa vyetu barafu inajulikana na muuza samaki na muuza sharubati. Haijapata kuwa uwanja wa michezo, wala hatutarajii iwe. Hata hivyo, leo tumeona ni vyema kuyazungumza yaliyomfika mtelezaji mmoja wa Japani, Bibi Mao Asada, pamoja na watu waliokuwa wakimshangiria. Tunaamini kuwa yamo ndani yake mafunzo yanayotuhusu sote, wananchi wanaojaza majukwaa na viongozi wanaokaa katika viti vya mbele.

Mchezo wenyewe ni wa kuteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye vyuma vyembamba chini yake. Mchezaji huingia uwanjani peke yake, muziki ukapigwa, naye akacheza, akazunguka na kuruka mbele ya waamuzi. Hana mwenzake wa kumpasia mpira, wala hana kipa wa kumsitiri. Mwanamke anayeshindana hupewa dakika nne, au karibu na hizo, kwa mchezo wake mrefu. Akianguka huanguka mbele ya dunia nzima, na muziki haumsubiri. Ni lazima ainuke aufuate.

Bibi Asada alizaliwa mjini Nagoya mwaka 1990. Alipokuwa na umri wa miaka 15, mnamo Desemba 2005, alishinda fainali ya mashindano ya Grand Prix. Lakini hakuruhusiwa kwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Turin ya mwaka 2006, kwa kuwa alipungukiwa na siku 87 kufikia umri uliowekwa na kanuni. Akangoja. Mwaka 2008 akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2010, katika Olimpiki ya Vancouver, alifanya jambo ambalo hakuna mwanamke aliyepata kulifanya kabla yake, nalo ni kuruka mara tatu, katika shindano moja, mruko wa Axel wa mizunguko mitatu na nusu. Juu ya hayo, medali ya dhahabu ilikwenda kwa Bibi Kim Yuna wa Korea Kusini, na yeye akapata ya fedha. Mwezi uliofuata akachukua tena ubingwa wa dunia.

Mtu aliyefika hapo angeweza kuridhika. Yeye hakuridhika. Alijua kwamba miruko yake kadhaa ilikuwa na kasoro, na kwamba waamuzi walikuwa wakimpunguzia alama kwa sababu ya kasoro hizo. Mwaka huo wa 2010 akaenda kwa mwalimu Nobuo Sato, bingwa wa zamani wa nchi hiyo, akakubali kuanza upya mambo ambayo alikuwa akiyafanya tangu utotoni. Mwenye kujua kusoma Kurani atalifahamu jambo hili. Aliyezoea kulitamka neno kwa makosa kwa miaka kumi hupata tabu kubwa zaidi kulitengeneza kuliko mtoto anayeanza alifu kwa kijiti.

Basi msimu ule wa 2010 na 2011 ukawa mgumu. Mashindano yake ya kwanza makubwa yalifanyika Nagoya, mjini kwao, mbele ya watu waliomwona akikua. Bingwa wa dunia akaanguka, akakosea miruko, akamaliza wa nane. Mwezi uliofuata, mjini Paris, akawa wa tano. Tarehe 11 Machi 2011 nchi yake ikapigwa na tetemeko la ardhi na mawimbi makubwa ya bahari, na mashindano ya dunia yaliyokuwa yafanyike Tokyo yakahamishiwa Moscow. Huko akawa wa sita. Desemba ya mwaka huohuo, akiwa safarini nchini Kanada kwa ajili ya fainali ya Grand Prix, alipata habari kwamba mama yake amezidiwa. Akaacha mashindano akarejea nyumbani, lakini mama yake alifariki dunia kabla hajamfikia. Wiki mbili baadaye aliingia katika mashindano ya taifa, akashinda.

Sasa tuwatazame wale waliokuwa wakimshangiria. Katika kumbi za Japani ilikuwa desturi ya washabiki wakati ule kutundika vitambaa vyenye jina la mchezaji wao, kupiga makofi kwa kufuata muziki, na mchezo ulipomalizika kurusha mashada ya maua na midoli uwanjani, ambayo watoto waliteleza kwenda kuiokota. Katika miaka ile mibaya vitambaa vya Bibi Asada havikuteremshwa. Maua yaliendelea kurushwa, hata kwa mtu wa nane. Na jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba watu hao wanaujua mchezo. Hawakujidanganya kwamba ameruka vizuri. Walijua kuwa ameanguka, na walijua pia kwa nini anaanguka. Walifahamu kuwa nyumba inayobomolewa ili ijengwe upya huonekana gofu kwa muda, na kwamba si ungwana kumcheka mwenye nyumba katika siku hizo.

Mtihani mkubwa ulikuja katika Olimpiki ya Sochi, Februari 2014. Katika mchezo mfupi, uliochezwa tarehe 19, Bibi Asada alianguka na kuharibu miruko yake, akapata alama 55.51 na kuwekwa nafasi ya 16. Tumaini la medali lilikwisha usiku ule. Siku iliyofuata, Bwana Yoshiro Mori, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Japani tangu mwaka 2000 hadi 2001, na ambaye wakati huo alikuwa ameshika uongozi wa kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo, alisema hadharani kwamba binti yule siku zote huanguka linapofika jambo kubwa. Aliyasema hayo wakati mchezaji bado ana mchezo wake mrefu wa kucheza.

Hapo ndipo ilipodhihiri tofauti baina ya mwenye cheo na mwenye mapenzi. Wananchi wengi walichukizwa na kauli ile. Kupitia mitandao, watu wa Japani na wa nchi nyingine, wakiwemo watelezaji wenzake, walimtumia Bibi Asada salamu za kumtia moyo. Na ilipofika zamu yake, ijapokuwa huko Japani ulikuwa usiku wa manane, watu walikesha mbele ya televisheni kumtazama mtu ambaye hakuwa tena na medali ya kuwaletea.

Yeye akacheza. Aliruka ule mruko wa Axel ulioangusha wengi, akatua. Akaruka mengine yote aliyokusudia. Muziki ulipokwisha akainua uso juu, akalia, kisha akatabasamu, akawainamia watazamaji kwa heshima. Alipata alama 142.71, alama ambazo hakuwa amepata kuzifikia katika mchezo mrefu, na siku ile zilipitwa na za wachezaji wawili tu. Kutoka nafasi ya 16 akapanda hadi ya sita. Baadaye waandishi wa habari walipomwuliza juu ya maneno ya Bwana Mori, alijibu kwa upole, bila kinyongo, kwamba huenda mzee mwenyewe sasa anajuta kidogo.

Mwezi uliofuata mashindano ya dunia yalifanyika Saitama, karibu na Tokyo. Bibi Asada aliweka rekodi ya dunia ya mchezo mfupi kwa alama 78.66, akawa bingwa wa dunia kwa mara ya tatu, mbele ya watu wake. Wahenga wetu walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Hakika alitunzwa, lakini kwa maoni yetu tunzo kubwa haikuwa ile ya Saitama. Kila mtu humtunza mwimbaji wa taarabu sauti inapopanda vizuri. Tunzo kubwa ilikuwa ile ya Nagoya, sauti ilipokatika.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya ni ya huruma tu, na kwamba mwananchi aliyelipa kiingilio, au serikali iliyotoa fedha za umma, ina haki ya kudai ushindi na kulaumu inapoukosa. Sisi hatuikatai haki hiyo. Mchezaji mvivu aambiwe kuwa ni mvivu, na mwalimu asiyefundisha aulizwe. Wala hatupendi ushabiki wa kusifu kila kitu, kwani huo nao humwangamiza mchezaji. Tunachosema ni kwamba lawama ina wakati wake na ina elimu yake. Asiyejua mchezaji anatengeneza nini, hawezi kujua ameharibu nini. Na mwenye kutoa lawama usiku wa kuamkia mchezo, hata kama lawama hiyo ni ya kweli, huwa hakumsaidia mchezaji wala taifa. Bwana Mori hakuwa mgeni katika michezo. Kosa lake, kwa maoni yetu, ni kusahau kwamba neno la kiongozi lina uzito kuliko la mtu wa jukwaani.

Na sisi je? Mwaka 2017 Visiwa hivi viliyaona yote mawili. Machi mwaka huo Zanzibar ilipokewa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika, na Julai ikaondolewa. Wengi walivunjika moyo. Hata hivyo, Desemba vijana wetu wa Zanzibar Heroes walikwenda Kenya katika Kombe la Chalenji, wakafika fainali, wakatoka sare ya 2-2 na wenyeji mjini Machakos, na kushindwa kwa penalti 3-2. Walirejea bila ya kombe na tukawapokea kwa shangwe. Tuliweza basi, na Januari 2025 timu yetu ilipoifunga Burkina Faso 2-1 katika uwanja wa Gombani, Pemba, na kuchukua Kombe la Mapinduzi, tulishangiria kwa haki.

Lakini tuseme kweli. Baina ya shangwe hizo mbili ipo miaka ambayo wengi wetu hatukumbuki hata majina ya wachezaji. Kijana akikosa penalti leo, kesho hupita barazani akanyamaziwa, au akatukanwa yeye na mama yake. Akivunjika goti hujiuguza kwa fedha za ndugu zake. Msichana anayekimbia pekupeku katika mashindano ya skuli hupigiwa makofi siku moja, na mwaka wa pili akishindwa huulizwa kwa nini hajaolewa. Na viongozi wa michezo, ambao husukumana kuingia katika picha ya kombe, hawaonekani uwanjani siku ya mazoezi mvua inaponyesha. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nasi wengi wetu tumekuwa marafiki wa kombe, si wa mchezaji.

Kwa hiyo tunatoa wito. Kwa wananchi, tunasema waende uwanjani pia baada ya kushindwa, kwani siku hiyo ndiyo mchezaji huwahesabu watu wake. Kwa walimu na vyama vya michezo, tunasema watangaze wazi wanachokijenga na muda wanaouhitaji, ili umma uwe na subira yenye maarifa, si subira ya kipofu. Kwa wakuu wa Serikali na wa Chama, tunasema wawapangie wachezaji matibabu na riziki kabla ya ushindi, na wachunge ndimi zao katika siku za mashindano. Fedha ikikosekana, neno jema halina gharama.

Tumalizie kwa mwisho wa Bibi Asada. Desemba 2016, akiwa na goti bovu, alimaliza wa 12 katika mashindano ya taifa ambayo aliwahi kuyashinda mara sita. Aprili 2017 akatangaza kustaafu. Medali ya dhahabu ya Olimpiki hakuipata kamwe. Anayehesabu dhahabu pekee atasema kwamba wale waliomshangiria walipata hasara. Lakini waulizwe Wajapani waliokesha usiku ule wa Februari 2014 kama wangekubali kuubadilisha na medali ya mtu mwingine.

Kuteleza si kuanguka. Na aliyeanguka kweli huinuka upesi zaidi anapojua kwamba vitambaa vyenye jina lake bado vimetundikwa.